Keita Alipomshtaki Mla Kunde

Wanaosema Zoumana Coulibaly alifundishwa mpira na makocha wa Bamako ni waongo. Na wale Wabelgiji waliomvisha kitambaa cha unahodha, wakadhani wao ndio waliomtengeneza, wanajidanganya vilevile. Zoumana alifundishwa mbio na mwiko wangu. Mwulizeni mtu yeyote hapa Segu. Mimi ni Sanaba Keita, muuza bajia za kunde kando ya uwanja wa vumbi wa Pelengana, na nilikuwa hapa na karai langu kabla huyo Zoumana hajaota meno.

Mimi Keita, yeye Coulibaly. Kwa watu wa kwetu nimeshamaliza kueleza, lakini nitaongeza kidogo kwa ajili ya wageni. Keita na Coulibaly ni watani, utani wa tangu enzi za mababu wa mababu. Mimi namwita mtumwa wangu, yeye ananiita mtumwa wake. Mimi namwita mla kunde, yeye ananiita mla kunde. Hakuna mkubwa wala mdogo, na anayekasirika ndiye mwenye kosa. Coulibaly akifiwa naweza kujilaza njiani maiti isipite mpaka nipewe kitu, na waliofiwa watacheka na machozi yao machoni. Tena mtani akikuomba jambo kwa dhati, humnyimi. Ndiyo mila yetu.

Basi mtoto wa miaka saba, mbavu zinahesabika, anaita tangu kule kwenye goli: "Mtumwa wangu Sanaba! Umekaanga vizuri leo, au nikakuuze sokoni Jumatatu?"

"Nani atoe pesa yake kwa ajili ya mtu uliyemlisha wewe, mla kunde? Tumbo lote upepo!"

Kabla sijamaliza, mkono umeshaingia kwenye sinia, bajia mbili zimeondoka, naye huyo! Mtani haibi, anachukua. Lakini utani bila kukimbizana una utamu gani? Nilikuwa na nguvu zangu wakati ule. Nilishika mwiko, nikamfukuza katikati ya mbuzi, beseni za maji na baiskeli za watu, akienda kushoto naenda kushoto, akigeuka ghafla nabaki nimekumbatia hewa. Miaka ilikwenda hivyo. Siku nilipomwona kwenye runinga kule Ulaya, kampokonya mtu mpira na kugeuka ghafla, mtu kabaki amesimama kama mlingoti, nililia kwa kicheko. Niliwaambia wale wa kijiweni, "Mnauona ule mgeuko? Ule ni wa bajia."

Baba yake, Mzee Bakary, ni mwashi wa nyumba za udongo. Mtu wa heshima, mkavu, maneno yake unayapata kwa kubahatisha. Tangu ujana wake hakuna Keita aliyemwona akitia kunde mdomoni. Nyumbani kwake zinapikwa, hilo najua, mkewe Nassoun ni rafiki yangu, lakini Bakary hula akiwa amefunga mlango, Keita asije akapata la kusema. Kila asubuhi akipita na mwiko wake wa uashi mimi namchokoza.

"Karibu, Mzee Bakary, chakula cha kwenu hiki."

"Hicho ni chakula cha watumwa, Sanaba. Kula mwenyewe."

Hata hageuzi shingo. Anapita zake.

Huyo Bakary mpira hakuutaka hata kuusikia. Alipokuja kocha mmoja kutoka shule ya mpira ya Bamako, akamtaka Zoumana, kijana ana miaka kumi na mitano, Bakary alimjibu, "Mpira haujengi ukuta." Kocha akaondoka kichwa chini. Zoumana hakulia, lakini siku ile alipita kwenye genge langu asichukue bajia wala kunitukana. Hilo lilinikata maini. Nilifunika karai langu, nikajitanda vizuri, nikaenda mpaka Bakary alipokuwa akijenga, nikasimama chini ya ngazi.

"Mtumwa wangu, shuka."

"Nina kazi."

"Shuka, nina ombi. Nipe huyo mtoto aende Bamako."

Alinitazama kutoka juu, udongo mikononi. Aliona sitanii. Mtani akiomba kweli, utamnyima kwa uso gani? Alishuka, akanawa mikono polepole.

"Nimekupa," akasema. "Lakini akipotea, Sanaba, umempoteza wewe."

Mnaelewa sasa kwa nini habari za Zoumana ni habari zangu. Mtoto yule nilimwomba mimi.

Hakupotea. Alikaa Bamako, kisha akaja wakala akamchukua mpaka nchi moja ya baridi ambayo jina lake mimi sijaliweza mpaka leo, akakaa benchi msimu mzima. Alikuwa ananitumia ujumbe wa sauti: "Mtumwa wangu Sanaba, huku hata mate yanaganda kabla hayajafika chini." Nilimjibu, "Vizuri. Huko ndiko wanakohifadhi nyama, na wewe nyama huna, labda utapata." Halafu nikizima simu naogopa. Lakini baadaye akauzwa Ubelgiji, timu ya mji mdogo wa viwanda, unaitwa Heerdal, ligi daraja la pili. Hapo akatia mizizi.

Msinielewe vibaya. Zoumana hakuwa nyota. Hakuwahi kuchezea zile timu ambazo watoto huvaa jezi zao za bandia. Alikuwa kiungo mkabaji, kazi yake kunyang'anya mpira na kuwapa wengine wakafunge, wengine wakashangiliwe. Msimu hadi msimu magoli yake unayahesabu kwa vidole vya mkono mmoja na vidole vinabaki. Pale kijiweni, wanapokaa wanaume na birika lao la chai tangu alasiri, walikuwa wananisimanga: "Sanaba, mtumwa wako leo kafunga mangapi?" Nawajibu, "Nyinyi mmefunga mangapi? Hata vifungo vya shati vinawashinda."

Mimi nilijivuna naye, nasema wazi. Wachezaji waliotoka hapa na kelele nyingi walirudi baada ya mwaka, goti bovu na simulizi za kulaumu. Zoumana alivunjika goti akapona. Timu ilishuka daraja, wenzake wakakimbia, yeye akabaki, wakapanda tena. Makocha walikuja na kufukuzwa, kila mmoja akamkuta na kila mmoja akamwacha. Mwishowe wale watu wa Heerdal, wazungu wa viwandani, watu wasiocheka hovyo, wakampa kitambaa cha unahodha, na jukwaa zima likawa linaimba jina lake, wanalikosea lakini wanaimba. Kila likizo alipokuja Segu alipitia kwanza kwenye genge langu, na begi lake mgongoni, anatia mkono kwenye sinia, ndipo anakwenda kwa mama yake. Nassoun alinuna kila mwaka. "Nimzae mimi, asalimiwe Sanaba!"

Sasa msimu wake wa mwisho, miaka thelathini na minne, goti linalia. Timu imeshamwahidi: ukistaafu utabaki nasi, utafundisha watoto. Mechi ya mwisho nyumbani, wameandaa kumuaga kwa heshima. Tukawa tunahesabu wiki.

Ndipo akatokea Mathis Keita.

Mshambuliaji wa timu pinzani, kijana wa miaka ishirini na mmoja, kazaliwa Ufaransa, babu yake alitoka kwetu. Jina KEITA limeandikwa mgongoni, kubwa, jeupe. Tulikuwa wote kijiweni mbele ya runinga siku hiyo, hata mimi nilikuwa nimeacha karai. Zoumana akamwona. Wallahi niliuona uso wake, ukachanua kama wa mtoto aliyeona sinia. Mpira ulipokwenda kwa yule kijana, Zoumana akateleza, akauchukua safi, kijana akaanguka. Refa hakupiga filimbi. Zoumana akarudi, akamnyooshea mkono, akacheka, akasema neno. Kijiweni tukapiga kelele! Tulijua amesema nini. Nani asingejua?

Yule kijana akamsukuma kifuani kwa mikono yote miwili.

Kwenye runinga wachezaji walikimbilia pale, wakashikana. Kijana alikuwa anapiga kelele, anamnyooshea refa kidole, na Zoumana amesimama, mikono imening'inia, haelewi.

Kuna vinasa sauti kando ya uwanja. Jioni ile ile maneno yakawa kwenye simu za dunia nzima, kwa Kifaransa, kila mtu anayasikia: "Inuka, mtumwa wangu. Nani amekuruhusu utoke shambani kwangu, mla kunde wee?" Na magazeti ya kule: nahodha mweusi amwita mwenzake mweusi mtumwa. Kijana kafungua mashtaka, kamati ya nidhamu ya ligi imeitisha kikao, timu ya Heerdal imemvua Zoumana kitambaa mpaka itakapojulikana. Akikutwa na hatia atafungiwa, mechi ya kuaga hakuna, na kazi ya kufundisha watoto isahau. Nani atakabidhi watoto kwa mtu anayeita watu watumwa?

Sitawaficha, Segu mwanzoni tulicheka. Keita amemshtaki Coulibaly! Kwa utani! Watu walishika mbavu sokoni. Akina Coulibaly walikuja kwenye genge langu kwa makundi: "Sanaba, mwenzenu amekimbilia polisi! Nasi twende tukashtaki bajia zako?" Nikawajibu ya kuwajibu. Kisha simu yangu ikalia, nikaona jina la Zoumana, nikaipokea na tusi tayari mdomoni.

"Mama Sanaba," akasema.

Nilikaa chini. Tangu apate ulimi mtoto yule hajawahi kuniita mama. Mama Sanaba! Ananiita kwa adabu, kama vile mimi mgeni.

"Wewe Zoumana, unaumwa?"

"Mama Sanaba, nimewaeleza. Nimewaeleza utani ni nini. Wananiuliza, mwenzako alikuwa anajua kwamba mnataniana? Sina la kujibu. Mwenyewe kijana hataki hata kuniona. Miaka yote hii huku sijawahi kumvunjia mtu heshima. Ndilo jambo watakalonikumbuka nalo."

Akakata simu kwa upole. Bajia zikaungua kwenye karai na sikuziona.

Hasira zilizonipanda, msiulize. Si kwa Wabelgiji, wao wanajua nini? Kwa yule kijana, Keita mzima, damu yangu! Niliapa mbele ya genge zima: mwacha mila ni mtumwa, na huyo Mathis nikimtia mkononi nitamfundisha kwa mwiko. Kina Keita wote wa dunia hii wana asili yao Kita, au wanadai hivyo, kwa hiyo nikapiga simu kwa ndugu, ndugu akapiga kwa ndugu, na jua halijatua nikajua: bibi mzaa baba wa kijana bado yu hai, anaitwa Founè, anakaa Kita nyuma ya kituo cha gari moshi, anauza karanga.

Nikafunga mzigo wa kola, zile njugu chungu tunazopeleka tukienda kuomba jambo. Asubuhi nafika stendi ya basi, namkuta Mzee Bakary amekwisha kaa, kavaa kanzu yake pana ya sikukuu.

"Wewe unakwenda wapi, mla kunde?"

"Mwanangu hajamtukana mtu," akasema. "Nitakwenda kuwaambia Keita wenyewe, ana kwa ana."

Njia nzima hakusema lingine. Mimi nilikuwa napanga matusi yangu, moja juu ya lingine.

Bibi Founè alitupokea mlangoni, kibibi kidogo, macho yanameremeta. Tukajitambulisha. Aliposikia Coulibaly, akapiga kelele ndani ya nyumba: "Fungeni jiko! Fungeni jiko haraka, kaja mla kunde, tena mzee, hao wazee ndio wanamaliza sufuria!"

"Salaam aleikum, mtumwa wangu," akasema Bakary, na kwa mara ya kwanza tangu tutoke Segu nikaona mdomo wake umelegea.

Bibi akaamuru chakula. Kikaja: kunde! Sinia zima, zimeungwa kwa mafuta ya karanga, harufu yake inaita. Nyumba nzima ikasimama kumtazama Bakary. Akasukuma sinia kwa kidole kimoja.

"Nimeshiba."

"Tangu Segu?" Bibi akauliza.

"Tangu utotoni."

Tulicheka mpaka tukafuta machozi. Na wakati tunacheka Bakary akatoa zile kola nilizobeba, akaziweka chini mbele ya bibi, akainamisha kichwa. Kicheko kikakatika. Akaeleza yote. Bibi hakuwa na habari. Alisikiliza, kisha akaomba simu, akampigia mjukuu wake, sauti ikawekwa wazi tusikie sote.

"Mume wangu," bibi akasema, "hujambo?"

"Sijambo, bibi." Kimalinke chake, lugha ya kule Kita, kilikuwa cha kuchechemea, lakini kilikuwepo.

"Nina wageni hapa. Baba yake Coulibaly unayegombana naye."

"Bibi, usiniambie ilikuwa mzaha. Naomba usiniambie hivyo."

Nikajiweka tayari. Matusi yangu yote yalikuwa yamefika kwenye ulimi.

"Shuleni waliniita hivyo," kijana akasema, "na hawakuwa wanatania. Mwaka jana kwenye kona mtu alinirushia ganda la ndizi. Nimezoea, bibi. Kwa wale nimezoea. Lakini huyu nilipomwona amekuja kuniinua, nilifurahi. Ana uso kama wa baba. Nilidhani anataka kunisalimia. Halafu akaniita mtumwa mbele ya watu wote, anacheka. Ningefanya nini?"

Basi matusi yangu yalikwenda wapi sijui. Niliapa mwacha mila ni mtumwa, lakini mtoto huyu hakuiacha mila, hakuna mtu aliyempa. Baba yake alikuwa anafanya kazi za usiku huko Ufaransa, amchokoze saa ngapi? Hakuwa na genge la bajia, hakuwa na Sanaba wa kumkimbiza. Tulimpa jina tu, tukamwachia alibebe.

Bakary akaomba simu. Aliishika kwa mikono miwili.

"Mwanangu, mimi ni Bakary Coulibaly. Zoumana alikusalimia. Alikusalimia salamu kubwa kuliko zote tulizo nazo, ile tunayompa mtu ambaye hatuwezi kupigana naye hata tukitaka. Alikosea jambo moja tu, hakuuliza kama unaijua. Kwa hilo nakuomba radhi. Mimi mzee, nakuomba radhi."

Bibi Founè akamnyang'anya simu.

"Aka! Usikubali!" akafoka. "Mume wangu, usithubutu kupokea radhi ya Coulibaly, utatutia aibu Kita nzima! Coulibaly haombwi radhi wala haombi. Anajibiwa. Mjibu!"

"Nimjibu nini?"

"Mwambie yeye ndiye mtumwa wako. Mwambie mla kunde."

"Bibi! Ni mzee."

"Ndiyo utamu wenyewe! Sema!"

Tulimsikia akivuta pumzi. Kisha, kwa Kimalinke chake kibovu, kwa adabu, kama mtu anayesoma shairi darasani, akasema, "Mzee Bakary, samahani, wewe ni mtumwa wangu. Na unakula kunde."

Nyumba ililipuka! Bibi alianguka ubavu juu ya mkeka, watoto wa jirani wakaruka, mimi nilikuwa nalia sijui nacheka. Na Bakary, Mzee Bakary mwashi, mkavu kama tofali lake, alikuwa anatikisika mabega. "Samahani, anasema!" akarudia. "Mtumwa wangu, samahani!" Na kwenye simu, mbali huko, tukasikia mtu mwingine anacheka, kidogo kwanza, kisha sana.

Lakini kucheka si kufuta mashtaka. Kabla hajakata, kijana alisema tu, "Nitafikiri, bibi." Tukarudi Segu na hilo. Nitafikiri.

Siku ya kikao sikuwa na akili. Nilikaanga, nikakosea chumvi, nikakaanga tena. Simu niliiweka juu ya kopo la mafuta niione. Nilikuwa nimejiambia: akiniita Mama Sanaba, basi yamekwisha, nimempoteza mimi niliyemwomba. Nassoun alikuwa amekaa kwenye kigoda changu, tasbihi mkononi. Wa kijiweni walikuja mmoja mmoja na vikombe vyao vya chai, hawasimangi mtu. Bakary alisimama pembeni na mwiko wake wa uashi, eti anapita kwenda kazini, na kazi ilikuwa upande ule mwingine wa mji.

Simu ikalia. Jina la Zoumana. Nikabonyeza, nikaiweka sauti wazi.

"Wewe mla kunde!" sauti ikapiga kelele. "Mtumwa wangu!"

Si ya Zoumana. Nikatazamana na Nassoun. Nyuma ya sauti ile nikamsikia Zoumana anacheka, anapiga kelele: "Si huyo, si huyo! Huyo ni Keita, ni wa kwenu! Huyo unamwita shangazi!"

"Ah! Shangazi, samahani!" Alikuwa Mathis. "Bado najifunza."

"Jifunze haraka," nikasema. "Unatutia aibu. Hebu niambie, kikao?"

"Waliniuliza kama niliumia. Nikawaambia niliumia, sana. Wakauliza, sasa? Nikawaambia, sasa nimejua huyu ni nani kwangu, na huku sina wengi kama yeye. Nimeondoa mashtaka. Wamemfungia mechi moja tu kwa maneno ya uwanjani. Ya kuaga atacheza. Na mimi nitakuwa jukwaani, wacha wanione."

Watu walianza kupiga vigelegele na mimi nikawapungia mkono wanyamaze, maana nilikuwa sijasikia nililolisubiri. Simu ikabadilisha mkono.

"Sanaba," akasema Zoumana.

"Naam."

"Mtumwa wangu, kaanga nyingi. Likizo nakuja na mgeni, na huyu anakula kuliko mimi."

Mimi Sanaba, ambaye hajawahi kukosa jibu kwa Coulibaly yeyote aliye hai, nilishika ule mwiko wangu nikalia mbele ya watu wote.

Bakary alikuja karibu. Siku zote hupita, siku hiyo alikuja mpaka mbele ya sinia.

"Kamwitaje?" akauliza, ingawa alikuwa amesikia kama sisi sote.

"Kaniita mtumwa wake, Mzee Bakary. Kama zamani."

Akatikisa kichwa taratibu. Akauchomeka mwiko wake kwapani. Halafu, mchana kweupe, mbele ya kijiwe kizima, mbele ya Keita na Coulibaly na watoto wao, akanyoosha mkono wake wenye udongo, akachukua bajia ya kunde, akaitia mdomoni. Akatafuna.

"Chumvi imezidi," akasema, akachukua nyingine.